Mionzi ya Uvimbe wa Pituitari: Tuzungumze Kuhusu Mwaka wa Kumi na wa Ishirini

(Hotuba hii niliitoa Tononoka, Mombasa, mbele ya wagonjwa wenye uvimbe wa tezi ya pituitari, jamaa zao na wauguzi. Waliokosa kufika waliomba maneno yote, nami nimeyaandika kama yalivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Mama zangu, baba zangu, na nyinyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, ahsanteni sana. Najua feri imewachelewesha wa Likoni, na kuna wanaoingia sasa hivi jasho likiwatoka. Karibuni, viti vipo huku mbele.

Leo nina jambo moja. Nataka tuzungumze kuhusu mionzi, ile ambayo wengi wenu mwaiita kuchomwa, inapotumiwa kutibu uvimbe ambao si saratani. Wala sitaki kuzungumzia zile wiki tano au sita za kwenda na kurudi mashineni. Hizo mwazijua: uchovu, kichwa kuuma, nywele kunyonyoka kidogo pale miale inapopita. Hayo hupita. Mimi nataka tuzungumzie mwaka wa tano, mwaka wa kumi, mwaka wa ishirini.

Nani kati yenu aliyeambiwa habari za mwaka wa kumi kabla ya kutia sahihi fomu ya kukubali mionzi? Inueni mikono niwaone.

Mwaona wenyewe. Ukumbi umejaa, mikono ni ya kuhesabu.

Tuanze na tezi yenyewe. Pituitari inakaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Ukubwa wake ni kama punje ya mbaazi, hizi hizi tunazokula na mahamri asubuhi. Lakini kwa udogo wake huo ndiyo inayoiamuru tezi ya shingo, ndiyo inayoziamuru tezi zilizo juu ya figo, ovari za mwanamke, korodani za mwanamume, ukuaji wa mtoto, maziwa ya mama. Sasa tazameni majirani zake. Juu yake zinapita neva za macho, na hapo hapo ndipo zinapokutana. Kulia na kushoto kuna mishipa mikubwa ipelekayo damu ubongoni. Mbali kidogo, pande zote mbili, kuna sehemu za ubongo zinazoshika kumbukumbu. Miale ikilengwa kwenye tezi hii haina njia ya kufika bila kupita kwa majirani.

Uvimbe unaoota hapo, mara nyingi mno, si saratani. Hausambai mwilini. Lakini unaweza kukandamiza neva za macho mpaka mtu aanze kugonga milango kwa bega, kwa sababu haoni pembeni. Au unaweza kumwaga homoni kupita kiasi: homoni ya ukuaji, mtu akapata akromegali, mikono na uso vikapanuka, au ile inayosukuma kortisoli, homoni ya zile tezi za juu ya figo, akapata ugonjwa wa Cushing, au prolaktini, maziwa yakamtoka mtu asiyenyonyesha.

Ndugu zangu, sikilizeni hapa. Tukimwambia mtu uvimbe wake si saratani, sote twashukuru, na ni haki kushukuru. Lakini maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mtu huyu ataishi. Mwenye miaka 30 leo, Mungu akipenda, ana miaka 40 mbele yake. Mgonjwa mwenye saratani inayomla kwa haraka, tunampa mionzi tukijua ina madhara ya baadaye, kwa sababu bila hiyo huenda hiyo baadaye asiione. Kwa mwenye uvimbe usio saratani hesabu si hiyo hata kidogo. Yeye baadaye ataiona. Kwa hiyo madhara ya mwaka wa ishirini ni yake, na ana haki ya kuyajua leo.

Jambo la kwanza, basi. Je, mionzi hiyo inahitajika kweli?

Kuna binti mmoja wa Bamburi, mwalimu wa chekechea. Hedhi ilimkatika, maziwa yakaanza kumtoka, na hajawahi kuzaa. Mtaani walisema waliyoyasema, siyarudii hapa. Picha ya MRI ikaonyesha uvimbe kwenye pituitari. Alikuja kwangu ameshika barua ya kwenda kupigwa mionzi, na mamake tayari ameuza mbuzi kwa ajili ya nauli na malazi ya Nairobi. Nikauliza: prolaktini yake ilikuwa ngapi? Haikupimwa. Tukaipima, ikawa juu sana. Uvimbe wa prolaktini, ndugu zangu, tiba yake ya kwanza ni vidonge. Kabagolini, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. Wengi wao uvimbe husinyaa kwa vidonge tu, hedhi ikarudi, macho yakafunguka. Binti yule hakuchomwa, wala hakupasuliwa. Leo analea mwanawe.

Kwa aina nyingine za uvimbe tiba ya kwanza huwa ni upasuaji, na mara nyingi hupitia puani, hawafungui fuvu. Mionzi huja nyuma ya hayo: uvimbe uliobaki unakua tena, au homoni imekataa kushuka kwa upasuaji na kwa dawa. Hapo ndipo mahali pake. Na kuna wengine ambao mabaki yao hayasogei; hao huchunguzwa kwa MRI kila baada ya muda, na huenda miale isihitajike kamwe.

Sasa msitoke hapa mkasema daktari amekataza mionzi. Sikukataza! Haya si mambo ya jana. Mwaka 1909, miaka 14 tu baada ya Röntgen kugundua miale ya eksirei, daktari Antoine Béclère wa Paris alikuwa tayari anaitumia kutibu uvimbe wa pituitari. Tiba imedumu zaidi ya karne kwa sababu inafanya kazi. Uvimbe usiotoa homoni, ukipigwa mionzi, kwa watu wengi sana, zaidi ya wanane katika kila kumi, hukaa umedhibitiwa hata baada ya miaka 10. Mabaki makubwa yaliyoachwa hivi hivi, kwa wengi, huota tena.

Yupo mzee mmoja, alikuwa kuli bandarini Kilindini, na leo amekuja, yupo humu ndani, sitamtaja. Alikuwa na akromegali. Pete ya ndoa ilikatwa kwa msumeno kidoleni. Champali zake alishindwa kuvaa, akanunua nyingine, nazo zikashindikana. Alipasuliwa, kipande kikabaki kimejishika kwenye mshipa wa damu, daktari wa upasuaji akaona asikiguse. Dawa za sindano za kila mwezi bei yake haikuwezekana. Tulikaa naye, yeye na mkewe na mwanawe mkubwa, tukamweleza yote haya ninayowaeleza leo, akachagua mionzi. Na tulimwambia pia kwamba kwa akromegali homoni haishuki siku mashine inapozimwa. Hushuka kwa miaka, wengine mpaka miaka 10. Alisubiri. Imeshuka. Kwa mtu yule, kuiacha homoni ile ikiula moyo wake kulikuwa hatari kubwa zaidi. Alichagua vizuri, na alichagua akijua.

Jambo la pili, na hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia wasijue kinachowaumiza.

Mionzi haichagui. Inazivuruga seli za uvimbe zisiweze kuzaana, na seli nzima za tezi zilizo kando nazo zinapata fungu lao. Hazifi siku hiyo. Zinadhoofika polepole, mwaka baada ya mwaka. Baada ya miaka 10, karibu nusu ya waliopigwa mionzi ya kawaida, na katika tafiti nyingine zaidi ya nusu, wamepungukiwa na homoni moja au zaidi za pituitari. Nusu! Kwa hiyo hili si balaa la nadra la mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Hili ndilo la kutarajiwa. Aghalabu homoni ya ukuaji hutangulia, kisha zile za uzazi, kisha ile inayoamuru kortisoli na ile inayoamuru tezi ya shingo. Lakini mpangilio huo si amri. Wengine huanza na kortisoli, na kupungua kwa kortisoli ndiko kunakoua.

Kuna mama wa Kisauni ameniruhusu nisimulie habari yake bila jina. Alipasuliwa, akapigwa mionzi, akapigwa picha mwaka uliofuata. Hospitali alikotibiwa wakamwambia: mama, umepona, nenda nyumbani. Akaenda nyumbani. Miaka saba ikapita salama. Kisha akaanza kuchoka, na si uchovu wa kazi. Aliniambia hivi: "Daktari, nilikaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Kifuu cha kwanza sikukimaliza. Mkono ukakataa. Nikabaki pale pale juu ya mbuzi nikilia, na watoto wanangoja wali." Chakula hakimwendi. Akisimama, kizunguzungu. Asubuhi hainuki mpaka jua lipande.

Zahanati ya kwanza wakasema malaria. Ya pili, damu haba. Ya tatu, taifodi. Jirani akasema huyu ana jini, akapungwa. Nani alimuuliza kama amewahi kutibiwa kichwa? Hakuna. Na yeye mwenyewe angesemaje, ilhali aliambiwa amepona? Mpaka siku moja akapata homa, homa ndogo tu ambayo mimi na wewe tungekunywa maji na panadoli tukalala. Yeye akatapika, akaanguka. Alipofikishwa hospitali presha iko chini mno, sukari iko chini, chumvi ya damu iko chini. Muuguzi wa zamu, Mungu amlipe kheri, akauliza swali lile ambalo halikuulizwa: "Mama huyu ana maradhi gani ya zamani?" Dadake akakumbuka mionzi. Wakamchoma haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kortisoli, miligramu 100, wakamtundikia maji ya chumvi. Jioni ile ile aliomba uji.

Ndugu zangu, swali moja na sindano moja. Mwaona?

Kwa hiyo, yeyote aliyepigwa mionzi ya pituitari, kipimo cha homoni ni kila mwaka. Si mpaka uugue. Si miaka miwili ya mwanzo. Kila mwaka, maisha yako yote, na kortisoli ipimwe asubuhi, saa mbili au saa tatu, kwa sababu hapo ndipo inapokuwa juu na upungufu huonekana. Aliye kwenye haidrokotisoni haachi dawa hata siku moja. Akipata homa, anaongeza dozi mara mbili au tatu kama alivyoelekezwa. Akitapika, dawa haikai tumboni, hiyo ni sindano na hospitali, usiku huo huo, hangoji kupambazuke. Na anatembea na kadi mfukoni inayosema ana upungufu wa kortisoli. Akiokotwa kaanguka Mwembe Tayari, anayemwokota atajuaje?

Sasa wauguzi, matabibu na ndugu zangu wa maabara, hili ni lenu. Tumezoea kupima TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingo, peke yake; ikiwa sawa, tunamwambia mtu tezi yako ya shingo ni nzima. Kwa mtu wa pituitari kipimo hicho chatudanganya, kwa sababu TSH yenyewe hutoka pituitari. Tezi iliyochoka itatoa TSH inayoonekana ya kawaida, na mgonjwa anaganda kwa baridi jua la Januari. Pimeni na T4 huru, homoni ya tezi ya shingo yenyewe. Na mkikuta T4 iko chini, kabla hamjampa thairoksini, dawa ya kuirudisha homoni hiyo, hakikisheni kortisoli yake. Kama nayo ni pungufu, kortisoli hutangulia. Ukianza na thairoksini unaweza kumtumbukiza mgonjwa kwenye shimo lile lile la mama wa Kisauni.

Kuna la chumbani ambalo watu hawalisemi, nitalisema mimi. Homoni za uzazi zikipungua, mwanamume hukosa hamu na nguvu, mwanamke hedhi humkatika kabla ya wakati wake. Nimeona ndoa zikivunjika kwa hili. Mume anadhaniwa ana mke wa pili, kumbe ana pituitari iliyochoka. Wanaume hao huishia kununua chupa za nguvu za kiume kando ya barabara, na hazimfai kitu, kwa sababu kilichopungua ni homoni, na homoni hupimwa kwa damu na kurudishwa kwa dawa inayojulikana. Na anayetaka mtoto asikate tamaa: zipo sindano za kuziamsha ovari na korodani hata pituitari ikiwa imenyamaza. Msione haya. Wake kwa waume, njooni pamoja kliniki.

Na Ramadhani haiko mbali na akili zenu, najua. Mwenye upungufu wa kortisoli asifunge kwa kujiamulia. Wengine, hali ikiwa imetulia, tunawabadilishia dawa wanywe wakati wa daku, wakafunga wakiangaliwa. Wengine hatuwaruhusu kabisa. Mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Qurani yenyewe. Mwulize daktari kama kufunga kutakudhuru, kisha nenda na jibu hilo kwa sheikh wako. Na ukifunga, ukaona kizunguzungu au kichefuchefu, fungua hapo hapo.

Macho nitapita haraka, kwa sababu hapa maendeleo ni makubwa. Mionzi inaweza kuziumiza neva za macho, na mara nyingi hujitokeza ndani ya miaka michache ya mwanzo. Ndiyo maana dozi hugawanywa: jumla ya grei (kipimo cha mionzi) 45 hadi 50 hivi, kwa vipande 25 au zaidi, kila siku kipande kidogo. Ikigawanywa hivyo, wanaopoteza uwezo wa kuona ni wachache sana, mmoja hadi watatu hivi katika mia. Ile ya kupigwa kwa mara moja, aliyoifikiria Lars Leksell wa Stockholm tangu 1951, akaja kuunda mashine ya Gamma Knife, inahitaji uvimbe uwe umeachana na neva za macho kwa milimita chache. Ukizigusa, haifai. Nimeulizwa mara nyingi, je, hiyo mpya haina madhara? Inaokoa sehemu kubwa ya ubongo isipigwe, hilo ni kweli. Lakini tezi yenyewe bado inapigwa. Homoni bado hupungua. Mwenye kupigwa kwa mara moja naye ana kipimo chake cha kila mwaka, sawasawa na mwenzake.

Jambo la tatu ndilo linalowanyima watu usingizi: je, mionzi yaweza kuleta uvimbe mwingine?

Nitawapa kisa cha kweli. Kati ya 1948 na 1960, huko Israeli, maelfu ya watoto, wengi wao wa familia zilizohamia kutoka Morocco na nchi nyingine za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walitibiwa mapunye ya kichwani kwa miale. Mapunye, haya tunayoita mashilingi! Wakati huo dawa ya griseofulvini ilikuwa haijaenea. Nywele zilinyonyoka, mapunye yakaisha, watoto wakaenda zao. Watafiti wakawafuatilia kama elfu kumi na mia nane kati yao, wakawalinganisha na ndugu zao na watoto wengine ambao hawakupigwa. Dozi iliyofika ubongoni ilikuwa ndogo, kama grei moja na nusu. Miaka ikaenda. Watoto wakawa watu wazima, wakaoa, wakaolewa. Na meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, ukaanza kuonekana kwao karibu mara kumi kuliko kwa wenzao, na wengi wao miaka 20, 30 baada ya ile siku ya mapunye.

Kwa nini nawasimulia? Si kuwatisha. Ni kwa sababu kisa kile ndicho kilichowafundisha madaktari wa dunia nzima kwamba ubongo uliopigwa miale haufuatiliwi kwa miaka miwili mitatu. Na kimefundisha kwamba mtoto ni dhaifu zaidi mbele ya miale kuliko mtu mzima, na ndiyo maana kwa mtoto twafanya kila njia nyingine kwanza.

Sasa, kwa waliopigwa mionzi ya pituitari hatari ni kiasi gani? Wagonjwa waliofuatiliwa Uingereza kwa muda mrefu walionyesha kama watu wawili katika mia wakipata uvimbe wa pili wa ubongo ndani ya miaka 20. Utafiti wa karibuni zaidi, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 3,600, ulikuta kama wanne katika mia kwa waliopigwa mionzi, na kama wawili katika mia kwa wenye uvimbe ule ule ambao hawakupigwa. Shikeni hesabu hizo zote mbili. Katika watu mia waliopigwa, tisini na sita hivi hawatapata. Lakini wale wachache wapo, na hatujui ni nani. Kwa hiyo kichwa kikianza kuuma kwa namna mpya, au ukapata kifafa ukubwani, au mkono mmoja ukalegea, sema mapema: mimi nilipigwa mionzi kichwani. Usiseme "hayo ni ya zamani, yamekwisha." Kwa hili ya zamani ndiyo yenye maana.

La kiharusi. Mmeona jinsi ile mishipa mikubwa inavyopita kulia na kushoto. Tafiti za zamani zilionyesha waliopigwa mionzi ya pituitari wakipata kiharusi mara kadhaa kuliko watu wengine. Madaktari wanabishana ni kiasi gani kinatokana na mionzi, na kiasi gani kinatokana na homoni zilizopungua, upasuaji, au ugonjwa wenyewe, maana akromegali na Cushing huja na presha na sukari. Mimi kwa upande wangu sihitaji ubishi huo uishe ndipo nimwambie mgonjwa la kufanya. Presha ipimwe. Sukari ipimwe. Mafuta ya damu yapimwe. Sigara iachwe, na simaanishi ipunguzwe. Mtu aliyepigwa mionzi hana nafasi ya kuichezea presha ya 160 eti kwa kuwa haumwi popote.

Na kumbukumbu: wapo wanaosahau zaidi, akili ikawa nzito, hasa waliopigwa kwa mashine za zamani zilizotumia miale miwili tu, mmoja kila upande wa kichwa, ikapita ubongoni kutoka sikio hadi sikio. Jamaa, msiwaite wavivu. Mara nyingine ni homoni ya tezi ya shingo au kortisoli iliyopungua, na hiyo hurudishwa.

Jambo la mwisho ni karatasi. Ndiyo, karatasi.

Yule mzee wa bandarini ana mfuko wa plastiki, ule mzito wa kufungiwa mashuka. Ndani kuna ripoti ya upasuaji, kuna barua ya mionzi inayosema tarehe, jumla ya dozi, vipande vingapi, mahali gani palilengwa. Kuna majibu ya damu ya kila mwaka, amepanga mwenyewe, la zamani chini, jipya juu. Akiingia kliniki anauweka mezani kabla hajaketi. Daktari kijana aliyemwona kwa mara ya kwanza alijua kila kitu kwa dakika tano. Na mama wa Kisauni alikuwa na nini? Hakuwa na chochote. Tulipoulizia faili lake kule alikotibiwa, halikupatikana.

Hospitali huhama majengo, mafaili hupotea, madaktari hustaafu, mashine hubadilishwa. Wewe ndiye utakayekuwepo miaka 20 ijayo. Karatasi zikae kwako. Omba barua ya mionzi kabla hujaondoka. Ni haki yako, usiondoke bila hiyo. Piga picha kwa simu, mtumie mwanao, mtumie dadako. Na mkewe mtu au mumewe mtu ajue maneno haya matatu: pituitari, mionzi, kortisoli. Siku utakapoanguka hutaweza kuyasema wewe.

Tuna nafasi ya swali moja, kisha tutaswali na kupumzika. Naam, bibi, wewe wa buibui uliye karibu na dirisha. Sema tukusikie.

(Bibi aliuliza: yeye yuko kwenye haidrokotisoni tangu mionzi, na wanawe wamemlipia kwenda Hija. Je, aende?)

MashaAllah, bibi yangu. Naona twaweza kukusafirisha, lakini kwa matayarisho. Njoo kliniki miezi miwili kabla, tukupime. Beba dawa maradufu ya zile unazozihitaji, nusu kwenye mkoba wa mkononi na nusu kwa mwenzako, maana mizigo hupotea. Beba sindano ya haidrokotisoni, na huyo mjukuu unayekwenda naye tutamfundisha kuichoma pajani. Ataifanya mbele yangu mpaka nikubali. Tutakuandikia barua ya Kiingereza, na nyingine ya Kiarabu, uonyeshe uwanja wa ndege na hospitali za huko. Siku za joto na za kutembea mwendo mrefu utaongeza dozi kwa kiasi tutakachokuandikia, na utakunywa maji kabla hujasikia kiu. Ukitapika mara mbili, sindano, kisha hospitali, ibada itakungoja. Na leo kabla hujatoka, muone yule dada muuguzi aliye mlangoni akupe kadi, naona huna.